Mita saba za juu za Ziwa Nyasa

Ukiitazama Malawi kwenye ramani, ni vigumu kuamini kwamba nchi hiyo inaweza kukosa maji ya kuzalisha umeme. Ziwa Nyasa, ambalo wenyewe huliita Ziwa Malawi, lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina kinachofika takriban mita 700. Lakini sisi watu wa hesabu za maji hatuhangaiki na hizo mita 700. Macho yetu yako kwenye mita saba hivi za juu, kwa sababu humo ndimo ziwa limekuwa likipanda na kushuka: kutoka kama mita 470 juu ya usawa wa bahari mwaka 1915 hadi kama 477 mwaka 1980.

Tuanze na mapato na matumizi. Kwa mwaka wa kawaida, mvua inayoangukia ziwani moja kwa moja huongeza kina cha kama mita 1.4, na mito yote kwa pamoja huleta kama mita moja. Hapo sehemu kubwa inatoka Tanzania, hasa Mto Ruhuhu unaomwaga maji yake karibu na Manda. Jumla mita 2.4. Kisha maji yanapaa kama mvuke, karibu mita 1.9. Kinachobaki ndicho kinachotoka kwa Mto Shire, mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa. Shire anakula makombo.

Sasa punguza mvua kwa moja ya tano, na mito nayo vivyo hivyo. Mapato yanashuka hadi mita 1.92, na makombo yamekwisha. Hilo si zoezi la darasani tu. Kati ya 1915 na 1935 hivi, karibu hakuna tone lililotoka ziwani kuingia Shire. Mchanga uliziba mdomo wa mto, matete yakaota, na vijito vya pembeni vikarundika tope ambalo hapakuwa na mkondo wa kulisukuma. Huko chini mto ukawa unaishi kwa vijito vyake wenyewe. Mvua ziliporudi, ziwa lilijaa kwa miaka, likapanda mita kadhaa kabla ya maji kuvunja kile kizuizi na kupita.

Kuziba kulikuwa rahisi kwa sababu ya umbo la mto. Kutoka ziwani hadi mahali paitwapo Matope, zaidi ya kilomita 100, Shire huteremka mita chache tu, maji yanajikokota. Baada ya hapo, ndani ya kilomita 80 hivi, yanaporomoka karibu mita 380. (Ni chini ya maporomoko hayo David Livingstone alipokwamia na mashua yake mwaka 1859.) Hapo ndipo ilipo mitambo ya Nkula, Tedzani na Kapichira, na karibu umeme wote wa maji wa Malawi hutoka humo. Ukame uliposhusha ziwa, mwishoni mwa 2017 nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Januari 2022 ikawa kinyume: mafuriko ya Kimbunga Ana yalibomoa bwawa la Kapichira, na megawati kama 130 zikapotea kwa mkupuo. Kuitegemeza nchi nzima kwenye mto mmoja ni hatari ukame ukija, na ni hatari vilevile mafuriko yakija.

Mwaka 1965 lilijengwa banio la Kamuzu, kizuizi chenye mageti, kwenye Shire pale Liwonde ili kuutuliza mtiririko, na baadaye likakarabatiwa na kuinuliwa. Ziwa linapofurika, huwa nasikia watu wa Kyela na Karonga, kando ya ziwa upande wa kaskazini, wakilalamika: kwa nini hawafungui mageti? Nawaelewa, nyumba zao ziko majini. Ila pigeni hesabu. Mageti yakipitisha mita za ujazo 600 kwa sekunde, hiyo ni kama milioni 52 kwa siku. Zigawanye kwa eneo la ziwa, kilomita za mraba zaidi ya 29,000: ziwa linashuka chini ya milimita mbili kwa siku. Jua na upepo, kwa wastani wa mwaka, huchukua kama tano. Na maji yaliyofunguliwa yanaelekea Chikwawa na Nsanje, huko chini ya Shire, ambako mara nyingi mashamba tayari yamefurika.