Riwaya ya barua haikuanza na Richardson

Wengi tumefundishwa kwamba riwaya ya barua, yaani hadithi inayosimuliwa kupitia barua za wahusika, ilibuniwa na Samuel Richardson, mchapaji wa London, alipotoa riwaya yake Pamela mwaka 1740. Si kweli. Mhispania Juan de Segura alichapisha riwaya ya barua za mapenzi mwaka 1548, karibu karne mbili kabla. Ufaransa ikatoa barua 5 za mtawa wa Kireno mwaka 1669. Na huko huko Uingereza, mwandishi Aphra Behn alianza kutoa riwaya yake ya barua mwaka 1684. Inaniuma kila jina la mwanamke huyu linaporukwa. Alichokiweza Richardson ni kutuweka karibu: Pamela, mtumishi wa ndani, anashonea karatasi za maandishi yake ndani ya nguo alizovaa, nasi tunaogopa pamoja naye zisije zikaonekana.