Muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?"

Jamaa wakimleta mgonjwa ofisini kwangu Nakuru, hunivuta kando na kuninong'oneza: "Daktari, tukimtajia kujiua, si tutamtia wazo hilo kichwani?" Mimi ni mwanasaikolojia, na swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Hapana. Kama wazo lipo, liliingia zamani kabla yenu. Tafiti nazo zinasema vivyo hivyo: kumuuliza mtu hakumsukumi kujidhuru. Wengi hushusha pumzi, kwa sababu hatimaye wamepata wa kumwambia.

Shida yetu ni kwamba tumelelewa kuyazunguka mambo mazito. Mtu akisema "nimechoka na dunia hii," tunamkata kauli: "Usiseme hivyo, Mungu apishie mbali!" Tunadhani tumemwombea, kumbe tumemfunga mdomo. "Mtapumzika nikiondoka." "Watoto nawaachia nyinyi." Ukisikia maneno kama hayo, acha kazi uliyoshika, uketi naye.

Namkumbuka kijana mmoja wa bodaboda (habari zake nimezibadilisha kidogo asitambulike). Deni la pikipiki lilikuwa limemlemea, usingizi hapati, chakula anakisukuma tu sahanini. Jumapili moja akampa mdogo wake helmeti na jaketi: "Kaa nazo, mimi sizihitaji tena." Mdogo mtu akafurahia zawadi. Aliyeshtuka ni shangazi yao, mama muuza mboga. Alimchukua kijana nyuma ya nyumba, wakaketi, akamuuliza, "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Kijana akavua kiatu kimoja, akakitazama, akakivaa tena. Kisha akasema, "Ndiyo, shangazi."

Shangazi hakupiga nduru, hakumhubiria, hakumkumbusha aibu ya ukoo. Aliuliza, "Tangu lini?" Halafu, "Umeshapanga utakavyofanya?" Mimi niliyesomea kazi hii nisingeuliza vizuri zaidi. Akikuambia mpango upo, usimwache peke yake. Ondoa nyumbani vitu vya hatari. Dawa za shamba na za hospitali zifungiwe kwa kufuli, ufunguo akae nao mtu mwingine. Huwa naambiwa, "Akitaka kweli, atapata njia nyingine." Si lazima iwe hivyo. Saa zile mbaya zaidi mara nyingi hupita, na kizuizi humvusha mtu hadi zipite. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za shamba, hasa kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilishuka sana nchi nzima.

Kisha shangazi akapiga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozwi, akaiweka simu katikati yao. Befrienders Kenya, shirika linalowasikiliza wanaowaza kujiua, wanapatikana kwa 0722 178 177. Kwa watoto ni 116, Kenya na Tanzania. Si lazima uwe mgonjwa ndipo upige. Unaweza kupiga kwa ajili ya ndugu yako. Anayepokea hukusikiliza kwanza, na atataka kujua kama uko salama wakati huo. Ukikosa maneno, sema tu, "Sijui nianzie wapi." Hapo pia ni mwanzo. Lakini mtu akiwa ameshajidhuru, mkimbize hospitali kwanza.

Na kama anayewaza haya ni wewe unayesoma, tafadhali usingoje hali izidi. Mwite mtu mmoja akae nawe, hata kama ni jirani, umwambie waziwazi: "Nafikiria kujiua."

Wengine huogopa polisi. Kwa miaka mingi hofu hiyo ilikuwa na msingi: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kiliweza kumfunga hadi miaka miwili mtu aliyejaribu kujiua. Nimewahi kusihiwa na mama mmoja niandike kwamba bintiye ameanguka tu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Waambieni majirani, kwa sababu habari hii haijafika kila kijiji.

Yule kijana alianza kliniki wiki hiyohiyo, shangazi akiwa kando yake kwenye benchi. Deni bado analipa kidogokidogo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, shangazi humpigia: "Umeamkaje?" Akijibu "salama tu," humuuliza tena.