Kubadilisha paswadi si kumtoa mtu kwa seva

Hapa Kisumu seva nyingi za sacco, shule na kliniki ndogo zinashikwa na vijana wanaopita tu, leo yuko atachimenti kesho amepata kazi Nairobi, na ukiuliza mlimtoaje unaambiwa "si tulifunga paswadi yake". Hiyo dhana ndiyo inanisumbua kuliko zote.

Jamani, kwa seva ya Linux amri ya passwd -l inafunga paswadi peke yake. Kama aliacha ufunguo wake wa SSH (njia ya kuingia seva ukiwa mbali) kwa ~/.ssh/authorized_keys, faili ya funguo zinazokubaliwa bila paswadi, bado anaingia vizuri tu, hata akiwa kwa matatu ya Nakuru na simu mkononi, na maelezo ya hiyo amri yenyewe yanasema wazi kwamba akaunti haijazimwa. Kuizima ni usermod -L -e 1 na jina lake, hapo akaunti inahesabika imeekspaya na ufunguo haumsaidii. Halafu fungua authorized_keys ya root (akaunti kuu ya seva) na ya zile akaunti mnazotumia wote, kwa sababu ufunguo wa mtu mmoja unaweza kukaa kwa akaunti ya mwingine na hakuna atakayejua mpaka aangalie.

Wengine wanasema, mimi niliandika PasswordAuthentication no (yaani paswadi isikubaliwe) kwa sshd_config, faili ya mipangilio ya SSH, nimemaliza. Sawa, lakini sshd, programu inayopokea wanaoingia kwa SSH, inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na kwa Ubuntu ule mstari wa Include, unaovuta mafaili ya folda ya sshd_config.d, uko juu kabisa, kwa hivyo faili moja humo ndani ikisema yes, no yako ya huko chini haina kazi. Piga sudo sshd -T uone chenye inatumia kweli.

Kuhama poti 22, mlango wa kawaida wa SSH? Inapunguza kelele za boti (programu zinazobahatisha paswadi) kwa logi, basi. Haichagui nani aingie.

Kinachochagua ni AllowUsers ama AllowGroups, mistari ya sshd_config inayotaja watumiaji ama magrupu yanayoruhusiwa kuingia. Na hapa watu wanadhani ukiweka zote mbili inatosha kupita moja, kumbe lazima upite zote, ndio maana wengine wanajifungia nje wenyewe. Mimi napenda AllowGroups pekee, mtu akiondoka unamtoa kwa grupu, imeisha.

Ila kureload sshd (kuisomesha mipangilio upya) hakumfukuzi aliye ndani tayari, sesheni yake inaendelea. Piga who uone walio ndani, kama yuko piga pkill -KILL -u na jina lake kuua kila kitu anachoendesha, kisha crontab -l -u na jina lake, hiyo ni ratiba ya kazi zake za kujiendesha, uone kama aliacha kitu kinaendelea usiku.