Mistari ya waifai kujaa si dalili kwamba intaneti ipo

Wengi huamini kwamba mistari ya waifai ikijaa kwenye laptopu, intaneti iko sawa. Ukurasa usipofunguka, basi mashine ndiyo mbovu. Ni rahisi kudhani hivyo. Lakini mistari ile hupima mawimbi kati ya laptopu na ruta (kifaa kinachosambaza waifai nyumbani) tu. Kilicho nyuma ya ruta haikijui.

Jipimie mwenyewe. Kwenye Windows, fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ipconfig, utazame namba iliyo kando ya “Default Gateway”, yaani anwani ya ruta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Andika ping (amri ya kuuliza kama mashine nyingine inajibu), acha nafasi, kisha namba hiyo. Halafu rudia kwa 8.8.8.8, seva ya Google iliyo kwenye intaneti. Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, huenda tatizo liko nje ya nyumba. Kufuta draiva (programu inayoendesha waifai ya laptopu) ni kujisumbua bure. Zote zikijibu na kurasa bado hazifunguki, shuku DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ruta yenyewe ikikawia au ikikatika-katika, hapo ndipo pa kuchunguza waifai.

Na kwa nyumba za mawe za Lamu, lawama kubwa ni ya kuta. Matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita hivi, humeza mawimbi ya waifai ya GHz 5 upesi kuliko ya GHz 2.4. Weka ruta karibu na mlango unaotazama kiwanda (ua) cha ndani, si kwenye kidaka (shubaka) ukutani.