Rufaa kwenye majimbo ya Marekani: kesi haianzi upya

Mtu akifungwa Texas afu ukasikia "amekata rufaa", wengi wanadhani kesi inaanza moja, mashahidi wanaitwa tena, juri mpya (raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia), kelele zote. Hapana. Kwenye rufaa hakuna shahidi anayepanda kizimbani wala ushahidi mpya. Majaji, kawaida watatu, wanakaa na mwenendo wa kesi, yaani kila neno lililotamkwa mahakamani limechapwa, na vielelezo na hoja za maandishi za pande zote mbili, wanasoma, mara nyingi hata mawakili hawaitwi kuongea, na wawili wakikubaliana imetosha. Swali lao sio kama jamaa alifanya au hakufanya, swali ni je, kule chini sheria ilikosewa, na kama ilikosewa, kosa lilimuumiza?

Hapo ndo watu wanapokwama. Notisi ya rufaa kwa kawaida ni ndani ya siku 30, na mara nyingi kosa lazima liwe lilipingwa palepale. Chukulia mwendesha mashtaka anawaambia juri "mmeona mshtakiwa mwenyewe hajasimama kujitetea". Hairuhusiwi kabisa hiyo, maana kukaa kimya ni haki yake ya kikatiba, ila wakili wa utetezi akibaki anapekua makaratasi yake bila kusimama kupinga, kwenye rufaa ataulizwa alikuwa wapi siku ile. Akipinga na jaji akampuuza, sasa ana hoja: kosa linalogusa katiba linafuta hukumu mpaka majaji waridhike pasipo shaka kwamba halikuchangia kumtia hatiani, kipimo cha kesi ya Chapman ya 1967. Kwa makosa ya kawaida kipimo ni kigumu zaidi kwa mfungwa.

Akisema ushahidi haukutosha, kesi ya Jackson ya 1979 inataka ushahidi usomwe kwa namna inayowapendelea waliomshtaki, afu waulize kama kuna juri mwenye akili zake angeweza kumkuta na hatia. Kushinda hapo ni shida, ila ukishinda umeachiwa moja kwa moja, wakati ukishinda kwa kosa la utaratibu unaweza kushtakiwa tena. Kenya, tangu kesi ya Okeno ya 1972, mahakama ya rufaa ya kwanza inatakiwa iupime ushahidi upya yenyewe, ndo maana sisi huku tunachanganyikiwa. Na juri wa Marekani wakishamwachia mtu, serikali haina rufaa, wakati Tanzania DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, anakata rufaa vizuri tu.

Kwenye kesi za madai ni pesa. Kwa kawaida serikali haikupi wakili, na rufaa peke yake haimzuii aliyeshinda kukamata mali zako, inabidi uweke dhamana, yaani pesa au ahadi ya kulipa deni ukishindwa. Mwaka 1985 juri wa Houston waliiamuru kampuni ya mafuta ya Texaco iilipe mwenzake Pennzoil zaidi ya dola bilioni 10, mahakama ya rufaa ikapunguza bilioni 2 mwaka 1987, lakini dhamana ya deni kama hilo nani ataiweka, Texaco ikakimbilia kinga ya kufilisika mwaka huohuo.

Juu zaidi Texas ina mahakama za mwisho mbili, moja ya madai na moja ya jinai, majaji 9 kila moja, na kwa kiasi kikubwa zinachagua zenyewe kesi za kusikiliza. Rufaa ya hukumu ya kifo ndo inaruka ngazi ya kati (ile ya majaji watatu) na kwenda moja kwa moja ile ya jinai, na hiyo hawawezi kuikataa.