Lejio maana yake nini hasa?

Ukikaa karibu na parokia ya Katoliki utawasikia tu kina mama wakiaga, jamani nawahi lejio, na wengi tunajua ni kile kikundi cha sala cha Bikira Maria basi. Kumbe neno lenyewe ni la vitani kabisa. Kilatini ni legio, limetoka kwenye legere, yaani kuchagua au kukusanya, sababu zamani Roma haikuwa na jeshi la kudumu, vita ikija raia wanaitwa, wanapangwa, halafu maofisa wanachagua nani aende kikosi gani. Baadaye ndo likawa jina la kikosi chenyewe, askari kama 5000 hivi, na ishara yao ni tai.

Ndo maana kwenye Marko 5 pepo akiulizwa jina anajibu Legioni, kwa kuwa wako wengi. Mtu aliyekuwa anatawaliwa na Warumi hakuhitaji maelezo zaidi hapo.

Sasa Lejio ya Maria ilianzia Dublin, Ireland, 7 Septemba 1921, chini ya Frank Duff, mlei tu, yaani si padri, mfanyakazi wa serikali. Jina la kijeshi lilikuja miaka michache baadaye ila walipolichukua walibeba na kambi nzima! Kikundi kinaitwa praesidium, kwa Warumi hiyo ni ngome ya walinzi. Karatasi ya sala ni tessera, zamani kilikuwa kibao kinachopitishwa kwa askari kikiwa na neno la siri la usiku. Bendera ni vexillum, ile ile ya Kirumi ila tai katolewa kawekwa njiwa. Halafu kuna Acies, yaani safu ya vita, inafanyika karibu na 25 Machi, kila mlejio anasogea mbele, anashika mti wa vexillum, anajitoa kwa Maria kwamba yeye na vyote alivyonavyo ni vyake, na mimi hapo naona kiapo cha askari waziwazi.

Afrika Mashariki aliyeisambaza ni Edel Quinn, dada wa Ireland, alikuja 1936 anaumwa kifua kikuu na bado akazunguka hadi alipofia Nairobi 1944.

Ila usichanganye na Legio Maria ya kule Nyanza, Kenya. Hao walijitenga na Roma miaka ya 1960, ni kanisa kamili, wana papa wao na makardinali wao.