Chumvi ya kupikia haitengenezi maji ya bahari
Anayetaka kufuga matumbawe nyumbani hapa Dodoma huambiwa chumvi ya dukani na maji ya bomba vinatosha. Havitoshi. Chumvi ya kupikia ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, ilhali tumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati. Hata chumvi ya mawe kutoka pwani haifai: maji yanapokauka kwenye mashamba ya chumvi, chokaa na jasi hutuama kwanza, na magnesiamu nyingi hubaki kwenye maji yanayomwagwa.

Tafuta chumvi maalumu ya akwaria ya matumbawe. Maji ya visima vya Makutupora, vinavyolisha mabomba ya Dodoma, yana madini mengi, hivyo yachuje kwanza kwa mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia madini. Kwa kila lita pima gramu 36 hivi, ukimimina chumvi kwenye maji yanayozungushwa na pampu ndogo. Ukimimina maji juu ya chumvi, kalsiamu hutuama kama unga mweupe usioyeyuka tena. Kwenye nyuzi 25, rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi ya maji, isome uzito linganifu wa 1.025 hadi 1.026, kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1,250 hadi 1,350.

Kiangazi chetu kikavu hukausha tangi haraka, na hapo wengi huharibu kazi nzuri kwa kujazia maji ya chumvi. Chumvi haipai na mvuke. Jazia maji yaliyochujwa tu, kila siku, hadi alama uliyochora kwenye kioo. Samaki na matumbawe wasubiri hadi amonia na nitriti, sumu zinazopanda katika tangi jipya, zishuke na kusoma sifuri, mara nyingi wiki 4 hadi 6.